Katapila Mnalolingoja Limo Gerejini

Ndugu zangu wa Rumonge,

Juzi ilinifikia tena sauti ya WhatsApp kutoka nyumbani, Burundi. Baada ya salamu, habari za wagonjwa na za waliooana, likaja jambo lenyewe: mtaro umejaa mchanga, mvua za Septemba zinakaribia, kwa hiyo sisi tulio nje tuchange pesa za kukodi katapila kutoka Bujumbura. Nilichanga mwaka jana, na mwaka huu nachanga, maana mtaro ule ukifurika maji yanaingia hadi chumbani kwa shangazi zangu. Lakini safari hii nina neno. Aliye ughaibuni huombwa pesa kila siku na haombwi wazo hata siku moja, nami wazo ninalo.

Huku Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani, ardhi huganda wakati wa baridi. Bomba la maji lisipofukiwa kina cha mita moja na nusu hivi, barafu hulipasua mwezi wa Januari na nyumba nzima ikakauka. Ndiyo maana kila mwenye shamba huku ni mchimbaji: leo bomba, kesho msingi, keshokutwa mfereji wa kutolea maji ya theluji iliyoyeyuka. Kukodi katapila ni ghali huku kama huko. Jirani yangu, mzee aliyestaafu, ana trekta dogo la nguvu farasi 25. Hakuandika barua kwa serikali wala kwa mradi. Aliingia bandani mwake na mashine ya kuchomelea na rundo la vyuma chakavu, akatoka na mkono wa kuchimba.

Nimeukagua mkono huo pini kwa pini. Una bega, kiwiko na kifundo kama mkono wa mtu, na mwishoni ndoo nyembamba yenye meno. Kila kiungo kinasukumwa na silinda ya mafuta, ndugu wa jeki ya lori. Silinda mbili nyingine zinaugeuza mkono kushoto na kulia, na mbili zinashusha miguu ya kuegemea ili trekta lisiyumbe. Silinda ya bega aliing'oa kwenye foklifti iliyokufa. Pini amezikata kutoka ekseli ya gari, na kila moja ina tundu lake la kupigia grisi. Pampu ya mafuta imefungwa kwenye shafti ya nyuma ya trekta, ile inayozunguka mara 540 kwa dakika. Siri yote imo kwenye mafuta hayo. Silinda yenye kipenyo cha ndani cha milimita 63, mafuta yakisukumwa kwa bar 150, inatoa nguvu ya zaidi ya tani 4 na nusu. Trekta dogo linang'oa mawe kwa sababu hiyo tu.

Wala msidhani wenye viwanda vikubwa walianza na viwanda vikubwa. Mwaka 1947, katika mji mdogo wa Hubbardston, Massachusetts, safari ya saa chache kutoka hapa nilipo, Vaino Holopainen na Roy Handy waliunda mkono wa namna hii wa kufunga nyuma ya trekta la Ford. Aprili 1948 wakaiuzia kampuni ya umeme ya Connecticut kwa dola 705. Huko Uingereza, Joseph Cyril Bamford alianza mwaka 1945 katika kijibanda cha kupanga mjini Uttoxeter, akitengeneza tela kwa vyuma vilivyobaki vitani. Herufi za jina lake ndizo JCB mnazoziona ubavuni mwa mashine zile mnazozikodi.

Hapa ndipo ninapokasirika. Mtu wa huku akikwama, swali lake la kwanza ni: nina chuma gani? Sisi tukikwama, swali letu la kwanza ni: mradi gani utakuja? Yeye anapekua vyuma chakavu vyake. Sisi tunaviuza kwa kilo. Yeye anachimba Jumamosi hiyohiyo. Sisi Jumamosi tunatoka na majembe kwenda kwenye kazi za jamii, watu mia kwenye mtaro mmoja, na mvua ya kwanza ikishusha mchanga tunarudi palepale.

Na msiniambie hatuna mafundi. Nawajua vijana wa bandarini wanaofungua injini ya mtumbwi gizani, kwa tochi ya simu, na ikawaka kabla wavuvi wa ndagala hawajaondoka. Nawajua wanaochomelea mashine za kukamulia mawese zinapokatika, na hazikatiki tena pale walipozishona. Mashine ya mawese inabana, mkono wa kuchimba unakunja. Chuma ni kilekile na fundi ni yuleyule. Wazee wetu waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walifika Katumba na Ulyankulu, Tanzania, mikono mitupu, wakafyeka pori na kujenga vijiji. Wajukuu wao tunangoja katapila!

Mtasema dizeli hakuna. Foleni za vituoni nazijua, na ndizo zinazonipa nguvu ya kusema. Katapila la tani 20 linakula lita kumi na zaidi kwa saa, na bado kuna lori la kulibeba kilomita zaidi ya 70 kutoka Bujumbura. Trekta dogo linatosheka na lita 3 au 4, na limelala hapohapo.

Sasa sikilizeni vizuri, mafundi hasa. Trekta liwe la magurudumu manne. Pawatila haiwezi kubeba mkono huu. Msiuning'inize kwenye mikono ya kuinulia jembe peke yake: ndoo ikikwama kwenye jiwe, mkono unaweza kujikunja juu ukambana dereva, au ukapasua nyumba ya gia. Chomeleeni fremu ipite chini ya trekta hadi mbele, nguvu igawanyike. Wekeni vali ya kupunguza presha, na mafuta yachujwe, maana chembe ya mchanga wa ufukweni inatosha kuua pampu. Meno ya ndoo msiyachonge kwa springi ya lori na kuyachomelea harakaharaka; chuma hicho kikipoa ghafla kinapasuka. Na mpira wa kupitishia mafuta ukivuja, haramu kuupapasa kwa mkono! Mafuta ya presha ile yanatoboa ngozi, na kuna watu wamekatwa vidole na mikono kwa tundu dogo lisiloonekana. Pitisheni kipande cha boksi, kikilowa mmepaona. Shimo likizidi mita moja na nusu, asiingie mtu bila mbao za kuzuia kuta, hasa kwenye mchanga wetu unaoporomoka bila kuaga. Ufukweni kwenyewe msichimbe msingi wa nyumba: sheria ya maji ya 2012 imeweka mita 150 kutoka Ziwa Tanganyika, na mafuriko ya 2024 yalionyesha ziwa linadai chake bila kusoma sheria.

Jambo la mwisho ni mwenye mashine. Mashine ikiwa ya wote, haitapakwa grisi na mtu yeyote. Ushirika wa wenye mawese uimiliki, dereva awe mmoja, alipwe, na anayetaka kuchimbiwa choo au bwawa la samaki alipie kwa saa, awe diwani, awe imamu, awe mjomba wangu.

Mchango wangu nautuma, nusu kwa katapila la mwaka huu, nusu nitanunulia pampu na vali, kwa sababu hizo hazichomelewi. Jirani ameniruhusu kunakili vipimo vyake vyote. Lile trekta la mjomba lililosimama Kizuka, mnipigie picha ya nyuma yake mchana, si usiku, na fundi ahesabu meno ya shafti. Mengi yana 6. Apime pia upana kati ya magurudumu kwa futi ya chuma, si kwa shubiri, aniandikie kabla ya Ijumaa, siku ninayokwenda kwa muuza vipuri.