Harufu ya Urithi

Shangazi yangu alipofariki hakuacha nyumba wala shamba. Aliacha sufuria zake, doti mbili za kanga ambazo hazijavaliwa, na paka watano. Sisi tumepanga Mji wa Kale, Mombasa: vyumba viwili na ukumbi mwembamba. Mama ndiye aliyesema, kabla hata hatujaanua matanga, kwamba paka wa wifi yake hawatalala sokoni. Miezi miwili baadaye, Mama huyohuyo alisema watoke kabla ya Ramadhani.

Sababu ilikuwa mkojo. Paka mmoja akikojoa pembeni unafuta, yanakwisha. Watano wakianza kujibizana kwa mkojo, kila ukuta unakuwa na neno lake. Harufu iliingia kwenye mapazia, ikaingia kwenye magodoro, mwisho ikafika kwenye msala wa Mama.

Watu wa pwani tumelelewa tukiambiwa paka si najisi. Tulisimuliwa madrasa jinsi swahaba Abu Qatada alivyomwinamishia paka chombo cha maji yake ya udhu ili anywe. Lakini mkojo wake ni jambo jingine. Katika fikihi ya Kishafii tuliyosomeshwa, mkojo huo ni najisi, na mahali hapatohariki mpaka iondoke ladha yake, rangi yake na harufu yake. Mama hakugomba. Alichukua msala wake akahamia jikoni, akawa anaswali kwenye nafasi iliyobaki kati ya mtungi wa gesi na ndoo za maji. Nilipomwona anasujudu pale, magoti yake yakiwa mabovu kama yalivyo, nilijua kwamba suala la paka halitaisha kwa maneno.

Kila jirani alikuwa na dawa. Wa kwanza alisema jiki. Lakini mkojo una amonia, na amonia ikikutana na jiki hutoa mvuke unaowasha macho na kubana kifua. Katika nyumba yenye dirisha moja la maana, hilo si la kujaribu. Wa pili alisema siki. Siki husaidia kwenye nguo, ila kuta zetu ni za matumbawe na chokaa, na siki hula chokaa. Wa tatu alisema udi. Tukafukiza chetezo magharibi mbili mfululizo, na udi ukachanganyika na mkojo, ikazaliwa harufu ya tatu ambayo hata wenyewe hatukuweza kuieleza kwa wageni.

Ugumu wa mkojo wa paka uko kwenye asidi ya yuriki. Sabuni na maji huondoa urea na rangi, nawe unadhani umemaliza. Asidi ya yuriki karibu haiyeyuki majini. Inabaki kama fuwele ndogo ndani ya nyuzi za zulia na vitundu vya chokaa. Siku za ukavu fuwele hizo hunyamaza. Hewa ikijaa unyevu, na Mombasa unyevu haukauki, harufu inarudi kama vile paka amekojoa sasa hivi. Dawa inayofaa ni ile yenye vimeng'enya, ambavyo huivunjavunja asidi yenyewe. Nayo haipanguswi upesi: inamwagwa mpaka ifike kila mkojo ulipofika, kisha inaachwa ikauke yenyewe.

Kwanza ilibidi kujua mkojo umefika wapi. Niliazima kwa mwenye duka tochi ya mwanga wa zambarau, ile ya kukagulia noti bandia. Nikazima taa zote. Ukumbi wetu ukang'aa madoa ya kijani na manjano, na madoa yale yalikuwa na mpangilio. Ukutani, karibu na mlango, yalikuwa yametiririka kutoka juu: hayo yalikuwa ya Karafuu, dume kijana, aliyesimamisha mkia na kurusha kila aliposikia paka wa mtaani wakipita uchochoroni. Nyuma ya kabati palikuwa na madimbwi: hayo yalikuwa ya Tui, mwoga wa nyumba, ambaye Bi Mkubwa alimzuia kulifikia beseni moja tuliloliweka kwa ajili ya wote.

Karafuu alihasiwa. Madume wengi huacha kurusha baada ya hapo, ingawa huchukua wiki kadhaa. Kuhusu mabeseni, kanuni ya madaktari wa mifugo ni idadi ya paka na moja la ziada, tena yasipangwe sehemu moja, ili mbabe asiweze kuyalinda yote. Kwa hiyo tukawa na mabeseni 6, yenye mchanga na maranda tuliyopewa na seremala, yakizolewa asubuhi na jioni. Mama alisema nyumba imekuwa choo chenye vitanda. Lakini alianza kuzoa na yeye, na akizoa hunusa, na akinusa hutaja jina.

Usiku mmoja, yapata saa nane, aliniamsha. "Mwanangu, beseni la Manga halina harufu leo."

Manga ndiye aliyekuwa mkongwe, kipenzi cha Shangazi. Tulimkuta ukumbini amechutama, anajikamua, hatoki hata tone. Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba. Ikizibwa, sumu hurudi kwenye damu, na siku mbili au tatu zinatosha kumuua. Alfajiri tulikuwa ndani ya tuktuk, Mama amempakata ndani ya kanga moja ya zile za Shangazi, bado ina ukakamavu wa dukani. Daktari alipitisha mrija, kibofu kikafunguka, na mkojo wenye damu ukailowesha kanga yote. Mama, ambaye hugeuza uso hata akiona beseni chafu, alisema "alhamdulillahi" na hakumshusha.

Ramadhani ilipoingia, msala ulikuwa umerudi chumbani na paka wote watano walikuwamo ndani. Sikumkumbusha Mama aliyoyasema, naye hakuyataja. Kanga aliifua mara tatu, akaitia dawa, akaianika juani. Bado siku za mvua inatoa harufu kidogo. Nilimuuliza kama inafaa kuivaa kwenye swala. Akaniambia najisi ikioshwa kwa bidii, ikabaki harufu tu isiyotoka, hiyo imesamehewa. Kisha akajitanda.