Anayechoka Akae Mbele

Mwaka huu wa masomo kikundi chetu cha kupanda milima kimekwenda vilele vinne: Lupanga mwezi Novemba, Bondwa mwezi Desemba, Meru mwishoni mwa Februari na Hanang mwezi Juni. Ukijumlisha urefu wa vyote unapata zaidi ya mita 12,000, namba tamu sana ya kuandika kwenye bango la kuomba michango. Ijumaa hii tunakaa kikao cha mwisho cha mwaka, na ajenda kubwa ni moja tu: Kilimanjaro. Hela iliyopo haitoshi watu wote. Pendekezo lililopo mezani ni kwamba waende wale waliofika vilele vyote vinne. Tulianza kumi na mmoja, na kwa hesabu hiyo tunabaki saba.

Mimi nimo kwenye hao saba. Hata hivyo naandika kuomba pendekezo hilo likataliwe, na ili nieleweke inabidi nisimulie mwaka wenyewe ulivyokwenda.

Lupanga ni mlima wa nyumbani. Ukiwa Morogoro mjini unauona kila asubuhi umejifunika wingu. Mji uko kwenye mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari na kilele kiko mita 2,138. Tangu Form Two tumekariri kwamba kila ukipanda mita 100 joto linashuka kama nyuzi 0.6, kwa hiyo kule juu tulitegemea baridi ya nyuzi kumi pungufu na ndivyo ilivyokuwa. Kitabu hakikutuambia habari ya mizizi inayoteleza, matope ya kufika kwenye kifundo, na jinsi watu kumi na mmoja wanavyoweza kuanza safari moja halafu kila mtu akafika kivyake.

Siku ile tulipanda kama tunakimbiza basi. Mbele alikuwa mwenzetu mmoja, kipa wa timu ya kitivo, mtu wa mazoezi asubuhi na jioni. Nyuma kabisa alikuwa dada wa mwaka wa kwanza, mwembamba, mpole, hajawahi kupanda hata kichuguu. Kila baada ya muda wa mbele tulikaa kwenye mawe, tukanywa maji, tukapiga stori, tukamsubiri. Akitokea, anahema, mtu mmoja anasema, "Haya, amefika, twendeni." Tunainuka. Sisi tulipumzika mara sita. Yeye, ambaye ndiye aliyehitaji kupumzika kuliko wote, hakupumzika hata mara moja. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hata yeye mwenyewe alikuwa anaomba samahani kwa kutuchelewesha!

Bondwa tulikwenda mwezi uliofuata kwa njia ya Morningside, pale penye nyumba ya zamani iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1911. Tulianza alfajiri, na njiani tukapishana na akina mama wanaoshuka na mboga na stroberi kuzipeleka Soko Kuu la Chifu Kingalu. Tuliwaamkia, wakaitikia marahaba, na mmoja akatuuliza, "Wanangu, huko juu mnafuata nini?" Tukacheka, tukasema mazoezi. Akatutazama tu. Yeye ule mlima anaushuka na kuupanda kwa sababu ya karo na chumvi. Kule kwenye minara ya mawasiliano hana shida nako.

Lakini nilichokiona kwao ni mwendo. Walikuwa saba au nane, wa umri tofauti, mizigo tofauti, na walitembea kama mtu mmoja. Mmoja akisimama kurekebisha kata kichwani, wote wanasimama. Nilidhani ni mazoea tu ya kupiga soga. Sababu nilikuja kuielewa Meru.

Meru ni mlima mwingine kabisa. Kilele chake kiko mita 4,566, na kwa kuwa uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha hupandi bila askari mwenye bunduki, maana chini kule kuna nyati. Tulipotoka lango la Momella kipa wetu alikuwa tayari amejipanga mbele, kifua nje. Askari akatuangalia hatua mia moja hivi, kisha akasimamisha msafara. Akauliza nani huwa anachelewa. Kimya. Halafu yule dada akanyoosha mkono. Askari akamwita, akamweka nyuma yake yeye mwenyewe, akasema kuanzia pale mpaka juu hakuna mtu wa kumpita huyu.

Jioni tukiwa kwenye vibanda vya Miriakamba, mita 2,514, alitueleza kwa nini. Mtu mwenye mwendo mdogo akiwa nyuma anachoka mara mbili: mara ya kwanza kwa mlima, mara ya pili kwa kuwakimbilia wenzake. Akiwa mbele anachoka kwa mlima peke yake. Na mwenye nguvu hapotezi chochote akipunguza mwendo, sanasana anajisaidia, kwa sababu mwili unahitaji muda wa kuzoea kimo. Oksijeni kule juu kwa asilimia ni ileile, 21. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, kiasi kwamba pumzi moja unayovuta kwenye kilele cha Meru inakupa oksijeni isiyofika hata asilimia 60 ya ile ambayo ungeipata ufukweni Dar es Salaam. Misuli ya mazoezi haikukingi na hilo. Kichwa hakijui kama wewe ni kipa.

Kipa mwenyewe alianza kulalamika kichwa kwenye Saddle Hut, mita 3,570. Usiku tulipoondoka kwenda kileleni alisema amepona. Tulipofika Rhino Point akatapika. Askari akamwambia atembee mstari mnyoofu, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa pili. Akayumba. Hapakuwa na mjadala: msaidizi mmoja alishuka naye palepale, gizani, taarabu zote za "naweza, niacheni" zikiishia hukohuko. Sisi tuliendelea nyuma ya yule dada, hatua kwa hatua, na jua lilipochomoza tulikuwa kileleni tukiitazama Kilimanjaro upande wa pili. Tuliposhuka Miriakamba tulimkuta kipa anakula sahani ya pili ya ugali. Kushuka ndiyo dawa, na alipewa mapema.

Mwenzetu wa pili kuikosa Meru hata Arusha hakufika. Boom lilichelewa, akabaki hosteli.

Hanang tulikwenda Juni: treni ya SGR hadi Dodoma, basi kupitia Kondoa hadi Babati, halafu Katesh. Mlima una mita 3,420 na umesimama peke yake juu ya mji. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo yalishuka kutoka mlimani na kuingia kwenye nyumba za watu, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Mwongoza njia wetu alituonyesha tope lilikopita. Hakusema mengi. Ila kila tulipopumzika alituhesabu, kwa kidole, mmoja mmoja, hata tukiwa tumekaa mbele ya macho yake. Mara ya kwanza tulitaniana. Baadaye tukaacha utani. Katesh wanajua maana ya kuhesabu watu.

Huko tulipanda vizuri kuliko milima yote. Tulibeba maji yetu wenyewe, tulianza usiku, na bila kuambiwa na mtu tulimweka mbele yule aliyekuwa amechoka siku hiyo, ambaye hakuwa yuleyule kila saa. Kilele kilikuwa kimeshaanza kuonekana mwenzetu mmoja alipotegua kifundo cha mguu. Waongozaji walikuwa wawili, kwa hiyo mmoja angeshuka naye. Yule dada wa mwaka wa kwanza, ambaye siku hiyo alikuwa na nguvu kuliko sisi wote, akasema yeye anashuka pia, kwa sababu ni roommate wake na hawezi kumwacha ashuke na mtu asiyemjua. Akatupa biskuti zake, akageuka. Sisi tulifika juu, tukapiga picha.

Sasa chukua pendekezo la Ijumaa ulipitishe kwenye mwaka huu. Kipa yuko nje, kwa sababu alitii mwili wake na askari. Yule dada yuko nje, kwa sababu alimsindikiza mgonjwa. Aliyetegua mguu yuko nje. Aliyechelewa kupata boom yuko nje. Hiyo ni disko, wanangu, tena disko isiyo na sapu. Na itafundisha nini watakaobaki? Kwamba ukiumwa kichwa ficha, na mwenzako akianguka angalia saa yako. Ni mafunzo ya hatari kwa watu wanaojiandaa kupanda mita 5,895.

Najua jibu litakalotolewa: lazima kuwe na kigezo, na kufika kileleni ni kigezo kinachopimika. Ni kweli kinapimika. Ila sisi tunaosoma ualimu tunajua kinachotokea ukikipenda sana kipimo. Kila aliyekwenda BTP ameshasikia wimbo huu: mwalimu anauliza "Mmeelewa?", watano wa dawati la mbele wanaitikia "Ndiyooo", na darasa zima linahamishwa mada. Wale wa nyuma ndio kwanza wanafika kwenye jiwe la kupumzikia, na sisi tumeshainuka. Mwaka jana nilikuwa na darasa la wanafunzi 90. Kwenye darasa la ukubwa huo, swali la nani anakaa nyuma na somo linamsubiri nani lina uzito kuliko andalio la somo lenyewe. Namna ya kuandika andalio tumefundishwa vizuri. Hilo lingine nilifundishwa na askari wa wanyamapori.

Hata historia ya Kilimanjaro yenyewe inatuonya kuhusu orodha za waliofika. Uliza darasa lolote nani alifika wa kwanza, utajibiwa Hans Meyer, 1889. Aliyefika naye, Ludwig Purtscheller, wachache wanamtaja. Na Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayekumbukwa kuwa ndiye aliyewaongoza njia, wengi wetu tumemsikia ukubwani. Orodha ilibakiza jina moja, na mlima haukupandwa na mtu mmoja.

Kwa hiyo Ijumaa nitaleta mapendekezo mawili. La kwanza: nafasi iwe wazi kwa wote kumi na mmoja, na kigezo kiwe kushiriki mazoezi ya mwaka. La pili ndilo gumu. Njia ya Marangu watu wengi huipanda kwa siku tano. Ukiongeza siku ya sita, unaitumia Horombo, mita 3,720, kuzoea hewa kabla ya kwenda Kibo. Siku hiyo moja ni hela nyingi: kiingilio, malazi, waongozaji, wapagazi, chakula. Saba kwa siku tano tunaweza kwenda Septemba hii. Kumi na mmoja kwa siku sita hatuwezi. Itabidi tuchangishe mwaka mwingine mzima, twende Septemba ya mwakani.

Mimi mwezi huu namaliza mwaka wa tatu. Septemba ya mwakani sitakuwa mwanafunzi wa hapa. Pengine nitakuwa nasubiri ajira, pengine najitolea shule fulani mbali na mlima wowote. Safari ya Septemba hii ndiyo pekee ambayo ningeweza kwenda na kikundi hiki, na kura yangu itakuwa ya kuizuia. Nimelala na jambo hilo usiku kadhaa. Sipendi, lakini kila nikilipindua linarudi palepale: nikifika Uhuru na saba huku yule dada amebaki hosteli anatazama picha zetu kwenye simu, nitakuwa nimepanda Lupanga ileile ya Novemba, kwa urefu zaidi.

Kikao ni saa kumi jioni, chini ya mwembe nyuma ya maktaba. Aliyecheleweshwa na boom aje. Kipa aje, aache kujificha, hakuna anayemcheka. Mwenye mguu mbovu atafutiwe bodaboda, nauli nitatoa. Na kuna jozi ya buti za mlimani, mtumba wa nguvu, namba 40, zimeshafika Meru na Hanang na bado zina meno. Anayeona atakuwa kwenye kikundi mwakani anitafute baada ya kikao. Simuuzii mtu, nampa, ila awe tayari kutembea taratibu.