Msiba Unaotangulia Kifo

Wengi waliotupigia simu kutoka Unguja na Dar es Salaam baada ya Baba kufariki hapa London, Januari 2025, walitupa pole kwa maneno yale yale: mzee amepumzika, nanyi mmepumzika. Najua yalisemwa kwa wema. Lakini aliyekwisha kuwa na mzazi katika nyumba ya kutunzia wazee anajua kuwa msiba huo huanza mapema, ukafika vipande vipande.

Baba alipatwa na maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Kwanza kilimtoka Kiingereza, alichokitumia kazini zaidi ya miaka thelathini, akabaki na Kiswahili cha utotoni mwake. Kisha yakamtoka majina yetu. Alipoanza kutoka usiku barabarani katika baridi, na Mama hana tena nguvu za kumzuia wala kumnyanyua, tulishauriana, tukaswali istikhara, tukampeleka. Wapo waliotusomea aya ya 23 ya Suratul-Israa, ile inayowataja wazazi kufikia uzee wakiwa kwetu. Aya hiyo tuliijua. Ni hiyo hiyo iliyotupeleka kwake kila siku kwa zamu, miaka mitatu, huyu akimlisha na yule akimtawadhisha, kwani wauguzi, Allah awalipe, walidhani ana ghadhabu kila alipoita "maji!" wakati wa Alasiri.

Katika safari zile nilimfikiri sana Nabii Ya'qub (a.s.). Macho yake yaliingia weupe kwa huzuni, ilhali Yusuf yu hai. Hata wanawe walimwona amepita kiasi. Huzuni ya namna hiyo haina matanga: hapana jamvi linalotandikwa, hapana jirani aletaye chakula, wala kazini hupewi ruhusa hata ya siku moja.

Kifo chenyewe kilipokuja, kilikuja na taratibu zake. Tangu Septemba 2024, katika England na Wales, kila kifo kisichopelekwa kwa afisa mchunguzi wa vifo hupitiwa kwanza na daktari mwingine, asiyemtibu marehemu, ndipo kisajiliwe. Sisi tuliozoea kuzika siku hiyo hiyo tulingoja siku tatu. Kaka zangu walimwosha msikitini. Huku nyuma, nyumba ile ilitutaka tutoe vitu vyake chumbani, nasi tukavitoa: kofia mbili za viua, msala, tasbihi, redio ndogo. Vyote vilienea katika mfuko mmoja.

Mama akakaa eda, miezi minne na siku kumi, katika nyumba ambayo mumewe hakuilala kwa miaka mitatu. Baadhi ya wanawake walistaajabu, kana kwamba ndoa huvunjwa na kitanda cha wagonjwa. Kwake ilikuwa faraja. Kwa mara ya kwanza sharia ilimtambua kuwa ni mfiwa, na watu wakaja kuketi naye. Aliyokuwa ameyanyamazia miaka yote ile akayasema, siku nyingine hadi usiku.

Msikitini kwetu yupo bibi mmoja ambaye mumewe yumo katika nyumba kama ile, yu hai. Ijumaa ya kwanza baada ya eda kwisha, Mama alimpikia wali na mchuzi wa kuku, akampelekea mwenyewe, akaketi naye mpaka Magharibi.