Walipwe au wasilipwe: ubishi wa Marekani unaomgusa mtoto wa Kongo

Nchini Marekani mashabiki wa michezo ya vyuo vikuu wamegawanyika. Upande mmoja unasema mwanafunzi anayecheza mpira wa kikapu kwa jina la chuo chake anastahili kulipwa kama mtu mwingine yeyote anayefanya kazi. Upande wa pili unasema pesa imeharibu mchezo, na kwamba masomo ya bure yalitosha. Kwa mtu wa Goma, Bukavu au Lubumbashi, na hasa kwa familia iliyokimbia vita na inayowaza kwanza paa na chakula, ubishi huo unaweza kuonekana wa mbali. Lakini unahusu mlango ambao vijana wa Kongo wamepitia kwa zaidi ya miaka 30, na mlango huo haufunguki tena kama zamani.

Wakongo wengi waliujua mlango huo kupitia Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa. Mwaka 1987 alifika Chuo Kikuu cha Georgetown, mjini Washington, kwa ufadhili wa masomo, akiwa na nia ya kuwa daktari. Urefu wake wa mita 2 na sentimita 18 haukujificha, na kocha akamwita uwanjani. Mwaka 1991 alitoka na shahada ya isimu na diplomasia, akaingia NBA. Wakati ule sheria ilikuwa moja: mchezaji wa chuo anapewa masomo, chumba, chakula na vitabu, basi. Anayepokea pesa kwa ajili ya mchezo wake alifungiwa. Mutombo alifariki Septemba 2024, na Kinshasa imebaki na hospitali aliyoijenga kwa jina la mama yake, Biamba Marie.

Sheria ile ilianza kubomoka Juni 2021, pale majaji wote 9 wa Mahakama Kuu ya Marekani walipoamua dhidi ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, katika kesi ya Alston. Siku chache baadaye, tarehe 1 Julai 2021, wachezaji waliruhusiwa kupata pesa kwa kutumia majina na picha zao: matangazo, kusaini jezi, kufundisha watoto. Juni 2025 jaji mmoja wa California aliidhinisha makubaliano makubwa zaidi. Sasa chuo chenyewe kinaweza kugawa pesa kwa wachezaji wake wa michezo yote, kwa mwaka wa kwanza hadi dola milioni 20.5 hivi.

Wanaotetea malipo wana hesabu rahisi. Ukumbi wa Rupp Arena, inapochezea timu ya Chuo Kikuu cha Kentucky, unaingiza watu zaidi ya 20,000. Tiketi zinauzwa, televisheni zinalipa, jezi zinanunuliwa. John Calipari, aliyekuwa kocha wa Kentucky hadi 2024, alikuwa akipata zaidi ya dola milioni 8 kwa mwaka. Wanauliza: kama kila mtu ukumbini analipwa, kwa nini asilipwe yule anayetoka jasho?

Wanaopinga nao wana neno lao. Walizoea kumwona kijana akiingia chuo akiwa mtoto na kutoka miaka minne baadaye akiwa mtu mzima mwenye diploma. Leo mchezaji anaweza kuhama chuo kila mwaka bila kukaa benchi. Chuo kidogo kinamlea, na akishaiva, chuo tajiri kinamchukua. Shabiki anafika uwanjani Novemba na kukuta timu ya wageni watupu.

Katikati ya ubishi huo alisimama mtoto wa Lubumbashi. Oscar Tshiebwe alikwenda Marekani akiwa kijana wa sekondari, na msimu wa 2021-2022 akawa mchezaji bora wa vyuo vyote vya nchi ile. Kwa wastani alinyaka ribaundi zaidi ya 15 kwa kila mechi. Wenzake Wamarekani walikuwa huru kusaini matangazo, lakini yeye alikuwa na visa ya mwanafunzi, na visa hiyo inaweka mipaka mikali ya kazi. Akikosea, angeweza kupoteza haki ya kukaa nchini. Agosti 2022, timu ya Kentucky ilipokwenda kucheza mechi za kirafiki Bahamas, Tshiebwe alitumia nafasi hiyo kufanya kazi za matangazo huko, nje ya ardhi ya Marekani. Mchezaji bora wa nchi nzima alilazimika kuvuka bahari ili apate kile ambacho mwenzake wa benchi alipata nyumbani.

Kisa chake kinajibu pia wanaosema kwamba mchezaji avumilie tu, pesa atazikuta NBA. Mwaka 2023 timu za NBA zilichagua wachezaji 58, na jina la Tshiebwe halikuwamo. Alipata mkataba mdogo baadaye, na timu ya Indiana. Wakati jina lake lilipokuwa na thamani kubwa kuliko wakati wowote, alikuwa bado chuoni.

Jonathan Kuminga, aliyezaliwa Goma mwaka 2002, alichukua njia nyingine. Mwaka 2020, wakati vyuo bado havikuruhusiwa kulipa, aliviacha na kujiunga na Ignite, timu iliyoundwa chini ya NBA kwa ajili ya vijana waliotaka mshahara mapema. Mwaka uliofuata Golden State ikamchagua, akiwa wa 7. Ignite ilifungwa 2024. Vyuo vilikuwa vimeanza kutoa pesa, na vijana wenye kipaji hawakuwa tena na sababu ya kuvikwepa. Kijana kama Kuminga leo angeweza kukaa darasani na bado akasaidia familia yake, ikiwa visa yake itamruhusu.

Hapo wanaotetea malipo wanashinda. Tatizo liko katika namna vyuo vinavyotafuta wachezaji sasa. Kocha mwenye pesa na mwenye presha ya kushinda mwaka huu huu hana haja ya kumngoja kijana wa miaka 18 ajifunze. Anamchukua mchezaji wa miaka 22 aliyekwisha kuonekana katika chuo kingine, au kijana aliyelelewa katika klabu kubwa ya Ulaya. Mwaka 2024 Egor Demin alitoka Real Madrid kwenda chuo cha BYU, na Kasparas Jakucionis alitoka Barcelona kwenda Illinois. Nafasi za timu ni chache, na kila anayekuja ameiva anaziba nafasi ya anayehitaji kuivishwa.

Mutombo alikuwa wa kundi hilo la mwisho. Alianza kucheza basketi akiwa amechelewa, na Georgetown ilimpa miaka ya kujifunza. Swali zito kwa Kongo ni kama leo angekuwepo kocha wa kumvumilia. Mtoto anayechezea kiwanja cha saruji kilichopasuka, asiye na video nzuri wala kocha wa kudumu, hashindani na mtoto wa Barcelona kwa kipaji tu. Anashindana naye kwa maandalizi, na hapo mwenzake amemwacha mbali.

Pesa imeleta pia hatari ya karibu zaidi. Panapokuwa na harufu ya dola, madalali hawakosi. Mzazi mwenye kijana mrefu ni rahisi kuambiwa kwamba chuo fulani kimemtaka mwanawe na kwamba inatakiwa pesa kidogo ya kufungua faili. Familia iliyopoteza nyumba inaweza kuuza kilichobaki kwa ajili ya neno kama hilo. Chuo cha kweli kinamwandikia mchezaji chenyewe, na fomu ya I-20, ambayo bila hiyo hakuna visa ya mwanafunzi, inatolewa na chuo. Ada ya visa ni ya serikali ya Marekani, haiingii mfukoni mwa dalali.

Kuna jambo moja ambalo pesa haijabadilisha. NCAA bado inadai matokeo ya shule ya sekondari, mwaka kwa mwaka, na tafsiri yake kwa Kiingereza. Kijana aliyekosa shule kwa sababu ya vita ataulizwa miaka hiyo alikuwa wapi. Wengi waliokimbia tangu vita vilipofika Goma Januari 2025 waliacha buletini nyumbani. Anayeweza kuomba nakala kwenye shule yake aombe mapema, na aliye nazo azipige picha na kumtumia ndugu aliye mahali salama. Kwa mtoto wa Kongo, kabla mtu yeyote hajabishana kama alipwe au asilipwe, karatasi hizo ndizo zitakazoombwa kwanza.