Kipuri cha gari la baba chauzwa kwa mnada wa simu

Goma – Fundi mmoja wa magari, mhami aliyekimbia vita Masisi, aliweka kwenye kundi la WhatsApp picha ya uso wa mbele wa Land Cruiser FJ40, gari la marehemu baba yake. Toyota ilitengeneza aina hiyo kuanzia 1960 hadi 1984, na wapenzi wa magari ya zamani hutafuta vipuri vyake vya asili. Mnada ulianza kwa dola 20, jioni ukafika 65. Mshindi akaomba apelekewe kwanza, alipe baadaye. Fundi alikataa: «Mwenye nyumba hangoji.» Aliyefuata alikuja mchana, akalipa dola 60 mkononi, mbele ya majirani. Nyumba ikalipwa. Usukani bado anao. Huo, anasema, hauuzwi.