Jetoni ya Baba

Kwa siku tatu ile herufi W iligoma kubadilika rangi. Ilikaa chini kabisa ya skrini, karibu na saa. Ukiiwasha WampServer, W huanza nyekundu, ikaja ya machungwa, kisha kijani, na kijani ndiyo ruhusa ya kuanza kazi. Yangu ilifika kwenye machungwa ikalala hapo. Ilikuwa 2012, katika siberi moja mjini Kolwezi, Kongo, nami kijana wa Musonoi nilikuwa nimelipia saa nzima ili nitazame herufi moja.

Wamp niliipata kwa njia iliyotuletea karibu kila kitu wakati ule: flashi. Intaneti ilikuwa ghali na ya kusuasua, kwa hiyo mtu akirudi kutoka Lubumbashi tulimwuliza habari za safari, kisha tukamwuliza flashi yake ina nini. Humo mlikuwa na Notepad++, Firefox, kozi za Kifaransa za Mathieu Nebra, filamu za Nigeria na virusi. Wamp ilikuwa furushi lenye Apache, MySQL na PHP pamoja: seva nzima ndani ya kompyuta yako, bila waya kwenda popote. Uliweza kujenga tovuti, kuifungua na kuijaribu pasipo kununua hata megabaiti moja. Kwa mtaa wetu, hiyo ilikuwa habari kubwa kuliko kasi yoyote.

Aliyenitoa kwenye yale machungwa ni yaya mmoja, ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, aliyetengeneza mashine za ile siberi. Alitazama mara moja tu.

"Mulango 80 iko na mutu," akasema.

Seva husikiliza kwenye mlango huo, na programu ya kupigia simu, waliyoiweka kwa wateja wenye ndugu Ubelgiji na Afrika Kusini, ilikuwa imeukalia mapema. Akaizima, akaiwasha Wamp upya. Kijani. Nikajifunza kwamba chombo kikigoma, kabla ya kukilaumu uangalie nani amekaa njiani.

Nyumbani Musonoi nilikuwa na shule nyingine. Musonoi ni mtaa wa wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Gécamines, nyumba za matofali zilizopangwa kwa safu, na machimbo ya wazi jirani. Watu wa kukusanya mawe wanalijua jina letu kuliko majirani zetu: guilleminite, madini ya manjano yenye urani na seleni, yalielezwa na wataalamu mwaka 1965 kutokana na mawe ya hapo. Baba alikuwa fundi mitambo wa kampuni. Mwaka 2003 aliondoka pamoja na wenzake zaidi ya 10,000 katika mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Alichokuja nacho nyumbani ni mazoea. Kwenye ukuta wa nyuma alitundika spana zake, na kila moja alichora umbo lake kwa rangi nyeupe. Spana ikichukuliwa, kivuli chake kilibaki ukutani kikikudai.

Mashine yangu ya kwanza ilikuwa ya mkono wa pili. Betri yake ilikuwa na kobalti ndani, huenda ya vilima vyetu wenyewe, lakini umeme ukikatika haikuvumilia dakika kumi. Baba alileta kigoda akakaa nyuma yangu. Cha kwanza kumpendeza kilikuwa Firebug, kale kamdudu ka pembeni mwa Firefox. Nilikibofya kichwa cha ukurasa, matumbo yake yakatokea chini: kila mstari, kila kipimo, kila rangi. Nikabadilisha tarakimu moja, kichwa kikasogea palepale.

"Njo vile banafungua motere," akasema. "Unaiangaria ikitembea."

Baada ya hapo nikashikwa na uroho. Kila jina jipya nililosikia nililitafuta: jQuery, Bootstrap, maktaba za picha zinazoteleza, na nyingine ambazo hata sikuzifungua. Siku moja nilimwita baba aone menyu inayoshuka kwa madaha. Haikushuka. Mjini ilifanya kazi. Nyumbani ilikufa, kwa sababu ukurasa ulikuwa ukiifuata jQuery kwenye seva ya ng'ambo, na sisi hatukuwa na mtandao. Faili lenyewe halikufika hata kilobaiti 100. Ilinipasa kuliweka kwenye folda yangu tangu mwanzo.

Baba hakucheka. Aliuliza swali alilokuwa akiniuliza kwa kila chombo nilicholeta, kana kwamba ni spana: "Hii inafungua buloni gani?" Nikikosa jibu, nilikifuta.

Kilichopita mtihani huo kuliko vyote ni Git. Intaneti ilikatwa nchi nzima tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, ikarudi baada ya takriban wiki tatu. Mwenzangu na mimi tulikuwa tukijenga tovuti ya duka la dawa. Hatukusimama. Git, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, humpa kila mtu nakala kamili yenye historia yote, kwa hiyo flashi ikawa barabara yetu: yeye anapakia kazi yake, naileta Musonoi kwa pikipiki, nachanganya na yangu, narudisha.

Baba akataka kujua yale majina na saa kwenye skrini ni ya nini. Nikamweleza: kila badiliko lina mwenyewe, na ujumbe wa kusema limefanya nini. Akasoma ujumbe wangu wa mwisho: "Nimebadilisha."

"Umebadirisha nini? Fundi mwenye kukuya kesho atajua namna gani?"

Akaingia ndani, akatoka na kipande cha shaba cha duara, chenye tundu na namba. Jetoni. Katika ghala lao la vyombo, ukichukua spana kubwa unaacha jetoni yako kwenye msumari wake. Ukiirudisha, unachukua jetoni. Jioni msimamizi hakuuliza mtu, alitazama misumari tu.

Nikamwuliza kwa nini hii anayo bado. Akaigeuza, akaisugua kwa kidole gumba mpaka namba ikang'aa.

"Kwa sababu nilirudisha byote," akasema.

Nikaufuta ule ujumbe, nikaandika upya.