Mchagua Jembe na Mchagua Bunduki

Wahenga walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Methali hii twaifundisha kila mwaka, na kila mwaka wanafunzi huipokea bila ubishi: mtu hodari hufanya kazi kwa chombo chochote alichonacho, na mvivu ndiye aketiye kivulini akilalamikia mpini. Sisi nasi tuliipokea hivyo tulipokuwa wanafunzi. Lakini yafaa methali ijaribiwe kwa jambo zito. Katika makala haya twapenda kuijaribu kwa bunduki ya kuwindia, chombo ambacho mtu wa kawaida hukinunua mara moja tu maishani, na ambacho akikichagua vibaya, huenda atakayelipa ni mwingine.

Mjomba wetu alijifunza Kiswahili relini. Reli ya TAZARA ilipokuwa ikijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, yeye alikuwa kijana wa sururu na koleo, na Kiswahili alikiokota kwa Watanzania aliofanya nao kazi. Alipostaafu alirudi kwao katika bonde la Luangwa, chini ya milima ya Muchinga, akalima mahindi na pamba. Huko ngiri, nguruwe-mwitu na nyati ni majirani wa kila shamba. Wazee wengi walikuwa na magobori, zile bunduki za kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu. Jirani yake mmoja alimjeruhi nyati kwa gobori, akamfuata kichakani, asirudi. Aliacha mjane na watoto wanne.

Baada ya matanga, mjomba aliazimia kuuza maksai wawili, aombe kibali, anunue bunduki ya kisasa. Mwaka 2004 alituita kwake, kwa kuwa orodha ya bei ya muuza bunduki ilikuwa ya Kiingereza, nasi ndio kwanza tumetoka chuoni na stashahada yetu ya ualimu.

"Mwalimu," alituambia, "nisomee, lakini usinichagulie."

Tulichora safu tatu katika daftari: uzito, nguvu, na bei ya risasi. Orodha ilikuwa na aina tatu zilizomhusu: .30-06, .375 na .458. Kwa faida ya wanafunzi tueleze kwamba tarakimu hizi ni upana wa risasi kwa sehemu za inchi; .375 ni kama milimita 9.5. Ile 06 iliyofuata .30 si kipimo bali ni mwaka, 1906, ambapo jeshi la Marekani liliipokea risasi hiyo.

Safu ya kwanza ilikuwa uzito. Bunduki ya .30-06 ilikaribia kilo tatu na nusu, ya .375 ilizidi kilo nne, na ya .458 ilizidi kidogo tena. Dukani tofauti ya kilo moja si kitu. Lakini mtu akitembea tangu alfajiri hadi adhuhuri katika jua la Oktoba, kilo hiyo huzaa nyingine, na mkono uliochoka haushiki shabaha. Hata hivyo, wepesi nao una gharama yake. Kila risasi itokapo husukuma bunduki nyuma, na kadiri bunduki ilivyo nyepesi ndivyo bega linavyopigwa zaidi. Mpiga bunduki anayeliogopa pigo hilo hufumba macho kabla hajafyatua, na risasi huenda isikotakiwa.

Safu ya pili ilikuwa nguvu. Nguvu ya risasi hutokana na uzito wake na mwendo wake, na mwendo ndio wenye neno kubwa: ukiuzidisha uzito mara mbili, nguvu huwa mara mbili, ukiuzidisha mwendo mara mbili, nguvu huwa mara nne. Risasi ya .30-06 yenye gramu karibu 12 hutoka kwa mwendo wa mita kama 820 kwa sekunde. Ile ya .375 ina gramu zaidi ya 19 na mwendo wa mita kama 770. Ya .458 ina gramu 32, lakini huenda pole pole zaidi, mita kama 640. Tukipiga hesabu twapata jouli 3,900 kwa ya kwanza, 5,700 kwa ya pili, na 6,600 kwa ya tatu. Ya kwanza yatosha kabisa kwa swala na nguruwe. Kwa nyati na wanyama wakali wenzake, .375 ndiyo ambayo wawindaji wengi wa Afrika huiona kuwa kipimo cha chini.

Safu ya tatu ndiyo iliyomfanya mjomba avue miwani. Bei za risasi alizipima kwa madebe ya mahindi. Risasi moja ya .30-06 ilikuwa nusu debe; ya .375 ilizidi debe zima, ya.458 alikataa hata kuihesabu. Akasema maneno ambayo hatukuwahi kuyasikia chuoni: "Bunduki hununuliwa mara moja, bali risasi hununuliwa kila siku. Nisipoweza kujifunzia, nguvu yake yanifaa nini?"

Hapo ndipo penye fundo. Huruma kwa mnyama, na usalama wa watu, vilimtaka achukue .375. Mfuko wake ulimtaka achukue .30-06. Akichukua ile kubwa, angepiga risasi tatu au nne kwa mwaka, na bega lake lisingeizoea kamwe. Akichukua ile ndogo, angeijua kama aijuavyo sururu, lakini siku ya nyati ingekuwa upungufu.

Wako watakaotupinga kwa kumtaja W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya ishirini, akianzia safari zake Mumias, katika njia zilizokwisha kukanyagwa na misafara ya Waswahili wa biashara ya pembe. Bell aliwaua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa bunduki ya .275, ambayo risasi yake ilikuwa na gramu 11 tu, wakati ambapo kulikuwa na wawindaji waliobeba za .577, zenye uzito wa kilo kama sita na risasi za gramu 48. Leo twaihesabu idadi hiyo kwa majonzi. Lakini hoja yenyewe si uwongo: Bell alipasua mafuvu ya tembo ili ajue ubongo ulipo, na alilenga kwa utulivu mkubwa. Basi waonaje, ndugu msomaji? Je, methali imeshinda? La hasha. Bell hakuchukua chombo chochote kilichomjia. Alikichagua kwa makini kuliko wenzake, kisha akaishi nacho.

Mjomba alifikiri siku mbili. Siku ya tatu alisema, "Mpwa wangu, tulianza kuchagua bunduki kabla ya kuchagua kazi. Kazi yangu ni nguruwe wa shambani na swala wa kibali. Nyati si wangu. Nyati ni wa askari wa wanyamapori." Akanunua .30-06 na risasi 40, na ishirini kati yake akazitumia kujifunzia karibu na kichuguu.

Uamuzi huo ulikuja kudaiwa. Mwaka uliofuata nyati mwenye jeraha aliingia katika kichaka kilicho kando ya njia ya kisimani. Vijana walimwendea mjomba mbio, naye akawajibu kuwa hatakwenda. Aliweka watu wa kuwazuia akina mama wasiteke maji huko, akamtuma kijana wa baiskeli kwa askari. Kwa siku mbili wanawake waliteka maji ya mbali, na kwa siku mbili mjomba aliitwa mzee wa reli anayeogopa ng'ombe wa porini. Nasi tulikuwapo, tukaona jinsi kulivyomchoma. Askari walikuja na bunduki ya .458. Walimkuta nyati amezunguka na kulala akiitazama njia aliyopitia mwenyewe, kama afanyavyo anayemngoja mtu. Walimmaliza kwa risasi mbili. Jioni ile mjane wa yule jirani alileta kikapu cha karanga, akakiweka mlangoni kwa mjomba, akaenda zake bila neno.

Tangu hapo twaifundisha methali yetu kwa nyongeza. Mchagua jembe si mkulima, naam, iwapo anachagua ili akwepe kulima. Lakini mkulima wa kweli hulitambua shamba lake kwanza, kisha jembe, na lisilo shamba lake huwaachia wenye jembe lake. Walimu wenzetu wanaweza kuwapa wanafunzi zoezi hili: wachore safu tatu, uzito, nguvu na gharama, kwa chombo chochote kitumikacho kwao, wavu, shoka au baiskeli, kisha waandike aya moja inayoanza kwa swali, "Kazi yenyewe ni ipi?" Sisi tumeona kwamba aya hiyo ndiyo huwachukua muda mrefu zaidi.